Wasifu Ambao Sikuuandika

Machi 2018 nilikaa mbele ya wasaili watatu wa kampuni moja ya programu, nikaulizwa swali ambalo sikuwa na jibu lake kwa sababu lilimhusu mtu mwingine. Mkuu wa kitengo, mtu mpole aliyekuwa amenikaribisha vizuri, alinitaka nieleze jinsi nilivyokuwa nikiendesha Kubernetes, mfumo wa kusimamia programu zinazofanya kazi kwenye seva nyingi kwa pamoja, kwa muda wa miaka 5, kama ilivyoandikwa kwenye wasifu wangu. Nilimjibu bila kuzunguka kwamba sijawahi kuiendesha kazini. Nimeisoma, nimeichezea kwenye kompyuta yangu nyumbani wiki mbili tatu, basi. Alinyamaza. Aliitazama karatasi iliyokuwa mbele yake, akanitazama mimi, kisha akaigeuza ile karatasi kuelekea kwangu ili nisome mwenyewe.

Jina lilikuwa langu, hilo halikuwa na ubishi. Lakini pale juu nilipokuwa nimeweka namba ya simu na anwani ya barua pepe palikuwa na nembo ya ofisi ya wakala wa ajira aliyenipeleka, na anwani zangu hazikuonekana popote. Chini ya kichwa cha ujuzi, mahali ambapo mimi niliandika mambo 6, palikuwa na mambo 17, Kubernetes ikiwa ya pili kutoka juu na maneno "miaka 5" yakiwa kando yake. Kazi yangu ya kutunza kanzidata ilikuwa imepandishwa cheo ikawa "usanifu wa mifumo". Na sentensi moja niliyokuwa nikiipenda kuliko zote, iliyoeleza jinsi tulivyopunguza muda wa kutoa ripoti ya mwisho wa mwezi kutoka saa 9 hadi dakika 40, ilikuwa imefutwa kabisa, nadhani kwa sababu haikutaja jina la teknolojia yoyote.

Msaili aliyekaa pembeni, kijana ambaye hadi wakati huo hakuwa amefungua kinywa, alisema kwa sauti ya chini kwamba Kubernetes yenyewe ilitangazwa hadharani Juni 2014, kwa hiyo hata miaka 4 ilikuwa haijatimia. Hakusema kwa kejeli, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Nilianza kueleza kwamba huu si wasifu niliouandika mimi, na nikiwa katikati ya maelezo hayo nilijisikia nikizungumza maneno yaleyale ambayo mwongo yeyote aliyeshikwa angeyazungumza. Usaili uliendelea kwa dakika 20 nyingine kwa adabu, tukapeana mikono, na kazi sikuipata.

Nilimpigia wakala nikiwa bado ngazini. Hakukana. "Ndugu yangu, mimi nimekusaidia uvuke mlango," alisema, kwa sauti ya mtu aliyetarajia kushukuriwa. "Ungeandika ulivyoandika wewe, hata wasingekuita." Kilichonishangaza, na bado kinanishangaza, ni kwamba huenda alikuwa akisema kweli.

Utafutaji wangu wa kazi ulikuwa umeanza miezi 6 kabla ya siku hiyo, Septemba 2017, pale kampuni niliyoitumikia ilipokifunga kitengo chetu. Nilikuwa na miaka 7 ya kuandika programu za upande wa seva, zaidi kwa lugha ya Java, na sikuwa nimewahi kupita kwa wakala yeyote. Kazi zangu mbili za awali nilizipata kwa kuitwa na watu tuliofahamiana. Jumapili moja usiku niliweka wasifu wangu LinkedIn na kwenye tovuti mbili za matangazo ya kazi, na kufikia Jumatano simu ilikuwa haitulii. Nilifurahi sana. Nilimwambia mke wangu kwamba mwezi hauishi kabla mambo hayajakaa sawa. Sikujua kwamba wingi wa simu haumaanishi wingi wa kazi, kwa kuwa mwajiri mmoja anaweza kuwapa mawakala wanne au watano nafasi ileile kwa wakati mmoja, kila mmoja akakimbia awe wa kwanza kupeleka jina, hivyo kwamba simu tano unazopokea kwa siku moja zinaweza zote kuwa zinahusu kiti kimoja.

Wengi wa walionipigia walikuwa wakitafuta mtu wa JavaScript. Kwa asiyeijua kazi hii ni kosa linaloeleweka, kwani majina yanafanana, lakini undugu wa lugha hizo mbili ni kama wa mbuzi wa zizini na mbuzi ya kukunia nazi. JavaScript iliandikwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape kwa siku 10 za Mei 1995, na jina ikalipata mwishoni mwa mwaka huohuo, wakati Java ya Sun Microsystems ilikuwa gumzo na kila mtu alitaka kuota moto wake. Mara za kwanza nililieleza jambo hili kwa kirefu na kwa uvumilivu. Mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akanishukuru, kisha akaniuliza kama basi ningeweza kuanza kazi ya JavaScript Jumatatu.

Sitaki kuonekana kama ninawacheka. Wakala anayetafuta wahasibu asubuhi na wahandisi wa programu mchana hawezi kujua kila kitu, na mimi nikipewa kazi ya kumchagua mhasibu nitaboronga vibaya zaidi. Anachofanya ni kuandika neno kwenye sehemu ya kutafutia ndani ya kanzidata yake, mfumo unamletea kila wasifu wenye herufi hizo, naye anaanza kupiga simu kutoka juu kwenda chini. Ndiyo sababu wasifu uliopangwa kwa safu mbili za kupendeza, kama ulivyokuwa wangu mwanzoni, ulisomwa na mifumo hiyo kama mchele uliochanganyika na pumba: tarehe za kazi moja zikaangukia kwenye kazi nyingine, na kwa miezi miwili baadhi ya ofisi ziliniona kama mtu aliyefanya kazi sehemu mbili kwa wakati mmoja. Niligundua hilo siku nilipoinakili PDF yangu yote na kuibandika kwenye ukurasa mtupu wa maandishi ili kuona nini kinatoka. Tangu hapo wasifu wangu una safu moja, hauna picha wala michoro ya nyota, na unachosha kuutazama.

Lililonikera lilikuwa jingine, nalo ni uhakika ambao mtu asiyejua alikuwa akiutumia kunikataa. Niliambiwa kwamba sifai kwa sababu tangazo linataka miaka 8 ya kitu fulani nami nina 7, na aliyenieleza hakuweza kutamka jina la kitu chenyewe. Julai 2020 Sebastián Ramírez, aliyeitengeneza FastAPI, chombo cha kuandikia programu za upande wa seva kwa lugha ya Python, aliandika hadharani kwamba ameona tangazo la kazi linalodai uzoefu wa zaidi ya miaka 4 wa FastAPI, na kwamba yeye asingeweza kuomba nafasi hiyo kwa kuwa ilikuwa imepita takriban mwaka mmoja na nusu tangu aitengeneze. Watu wengi walicheka. Mimi nilimkumbuka yule kijana wa pembeni na hesabu yake ya Juni 2014, nikacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Aliyenifungua macho alikuwa shemeji yangu, ambaye aliwahi kufanya kazi ya uwakala kwa miaka 3 kabla ya kuiacha. Nilikuwa nimekaa naye nikilalamika, juu ya simu zisizorudishwa, juu ya ahadi, juu ya wasifu uliopakwa rangi, akanisikiliza hadi nikachoka. Kisha akaniuliza: "Kwani shemeji, huyo mtu umemlipa kiasi gani?" Nikamjibu kwamba sijamlipa chochote. "Basi unamdai nini?"

Halikuwa jibu la haki, nami nilimwambia hivyo, lakini maelezo yaliyofuata yalinisaidia kuliko makala zote nilizokuwa nimesoma kuhusu kutafuta kazi. Wakala wa aina niliyokutana nayo hulipwa na mwajiri, na hulipwa tu mtu wake anapoajiriwa. Malipo huwa ni asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa kwanza, mara nyingi kati ya 15 na 25. Asipoajiriwa mtu, au akiajiriwa mtu wa wakala mwingine, kazi yake yote ya wiki kadhaa ni bure. Mikataba mingi huweka pia kipindi cha dhamana, siku 90 kwa mfano, ambacho ndani yake mwajiriwa akiondoka wakala hutakiwa kurudisha fedha au kuleta mtu mwingine. Juu ya hayo yote ana msimamizi anayehesabu simu alizopiga na majina aliyopeleka kwa wiki. Shemeji alisema kwamba yeye mwenyewe alikuwa akipiga simu nyingine akijua hazina maana, mradi hesabu ya Ijumaa itimie.

Nikiwa na picha hiyo, mambo mengi niliyoyachukua kuwa dharau yalionekana kuwa hesabu tu. Mtu aliyekwisha kukataliwa hana malipo yoyote ndani yake, kwa hiyo dakika 5 za kumpigia na kumweleza ni dakika 5 zilizoibwa kutoka kwa mtu ambaye bado ana matumaini. Wasifu unaongezewa maneno kwa sababu msomaji wake wa kwanza naye anatafuta maneno. Anwani zangu ziliondolewa kwa kuwa mwajiri akinipata moja kwa moja, kamisheni huyeyuka. Kuelewa hakukunifanya nisikasirike, ila hasira iliacha kumtafuta mtu mmoja ikaanza kuniuliza nitafanya nini na nafasi ndogo niliyonayo.

Hilo la kamisheni ndilo lililonigharimu nafasi niliyoitaka kuliko zote katika utafutaji ule, na ilitokea kabla sijazungumza na shemeji. Novemba 2017 wakala wa kwanza alinieleza juu ya "kampuni ya fedha inayokua kwa kasi" bila kuitaja jina, nami nikakubali apeleke wasifu wangu. Siku nne baadaye wakala wa pili akanieleza juu ya "kampuni ya kisasa ya malipo", naye hakuitaja, nami nikakubali. Ilikuwa kampuni ileile. Ofisi ya rasilimali watu ilipoona jina langu limefika kutoka milango miwili, iliona mbele yake mgogoro wa nani alipwe, na badala ya kuuliza ni nani kati yao aliyetangulia, ilinitupa nje. Nililijua hili kwa sababu wakala wa pili alinipigia akifoka, akinilaumu kwa kumchezea. Mimi, niliyekuwa sijui hata ninaomba kazi wapi, nikajikuta ninaomba radhi.

Tangu siku hiyo nilianza daftari. Si jambo la kujivunia, ni daftari la shule lenye mistari, na kila ukurasa una jina la mwajiri, jina la wakala, tarehe, na neno "ndiyo" au "hapana". Nilipopigiwa nilisema kwa upole kwamba sitaruhusu jina langu liende popote kabla ya kuambiwa kwa maandishi linakwenda wapi, na baada ya ule usaili wa Machi nikaongeza kwamba ningependa kuona nakala ya wasifu utakaopelekwa. Baadhi walikata simu kwa udhuru wa mkutano, na sikuwasikia tena. Wachache walinieleza kwamba mteja wao hataki kutajwa, jambo ambalo wakati mwingine ni kweli, hasa pale anayetafutiwa mrithi bado yumo kazini na hajui. Waliobaki waliandika barua pepe yenye mistari miwili, nasi tukaendelea vizuri.

Kimya kina sura yake. Januari 2018 nilipita hatua nne kwa mwajiri mmoja: simu ya wakala, simu ya rasilimali watu, mtihani wa kuandika programu nyumbani ulioelezwa kuwa wa saa 3 na ukanimalizia Jumamosi na Jumapili yote, kisha usaili wa ana kwa ana. Wakala alinipigia jioni ileile akasema kwamba wamekupenda mno, tusubiri tu sahihi ya bosi. Nilisubiri. Nilimwandikia baada ya wiki moja, nikamwandikia baada ya wiki mbili, baada ya wiki ya tatu nikampigia na simu ikaita hadi ikakatika yenyewe. Nilijua kwamba nimekosa, mtu mzima hujua, lakini kwenye meza yangu kulikuwa na ahadi ya mdomo kutoka sehemu nyingine niliyokuwa nimeiweka kando kwa ajili ya hii, nayo ikapoa. Baada ya wiki 11 yule wakala hatimaye aliniandikia. Ulikuwa ujumbe wa jumla uliotumwa kwa watu wengi, unaoanza kwa "Habari" bila jina, na ulinieleza kwamba amepata nafasi nzuri inayoendana na ujuzi wangu. Ilikuwa nafasi ileile.

Kuhusu mshahara nitasema kidogo, ingawa ndipo wengi wanapopoteza fedha nyingi zaidi. Swali la "sasa unalipwa kiasi gani?" huulizwa mapema na kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba ni tarehe ya kuzaliwa, na nilipolijibu mara mbili za kwanza niliona kwamba jibu langu liligeuka kuwa dari. Sikufahamu wakati huo kwamba kuna mahali ambako swali hilo limepigwa marufuku: jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilipitisha sheria yake mwaka 2016, California ilianza kuitumia ya kwake Januari 2018, na Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 agizo linalomzuia mwajiri kuuliza historia ya mshahara na linalomtaka amweleze mwombaji kiwango cha malipo cha nafasi hiyo, agizo ambalo nchi wanachama zilipewa hadi Juni 2026 kuliingiza kwenye sheria zao. Mimi sikuwa na sheria yoyote mfukoni. Nilijifunza tu kurudisha swali: nafasi hii imetengewa kiasi gani? Wakala anajua, maana hesabu ya kamisheni yake inaanzia hapo. Wapo watakaokuambia kwamba anataka mshahara wako upande kwa kuwa asilimia yake nayo inapanda, na ni kweli hadi mahali fulani. Lakini kwake tofauti kati ya kukubali leo kwa kiasi kidogo na kubishana wiki mbili kwa kiasi kikubwa ni ndogo sana, na hatari ya wewe kukosa kabisa ni yake pia. Ndiyo maana atakusukuma ukubali leo.

Mei 2018 lilitokea jambo la kuchekesha. Tarehe 25 ya mwezi huo kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilianza kutumika, na ofisi zote zilizowahudumia waajiri wa huko zikashikwa na hofu kwa pamoja. Ndani ya siku 10 nilipokea barua pepe 19 kutoka kwa mawakala wakiniomba ruhusa ya kuendelea kutunza taarifa zangu. Katika hao 19 nilikumbuka kuzungumza na 6. Wengine 13 walikuwa wamenipata wapi, sijui, ila nilipomwandikia mmoja wao kumwomba anipe taarifa zote alizonazo juu yangu, haki ambayo kanuni hiyo inaitoa waziwazi, alinitumia faili lenye nakala 3 za wasifu wangu, mojawapo ikiwa ile yenye mambo 17 na miaka 5 ya Kubernetes, iliyokuwa imetoka kwa wakala mwingine kabisa. Ule wasifu ulikuwa ukitembea peke yake duniani ukitumia jina langu. Niliomba ufutwe, wakajibu kwamba umefutwa. Nilichagua kuamini.

Kuna mmoja pia aliyenitaka nilipe ada ya usajili kabla ya "kunitafutia". Huyu sikumpotezea muda. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema kwamba wakala binafsi hatamtoza mtafuta kazi ada yoyote, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Unaruhusu nchi kuweka vighairi, na haufungi nchi ambayo haijauridhia, lakini kwa kazi za programu sijawahi kusikia wakala wa maana anayeishi kwa fedha ya anayetafuta kazi.

Kazi niliipata Julai, na niliipata kupitia wakala. Ningekuwa nimeandika malalamiko matupu kama ningeuficha ukweli huo. Mama mmoja mtu mzima, ambaye kwa miaka mingi hakushughulika na jingine ila watu wa kanzidata na seva, alinipigia akiwa ameshausoma wasifu wangu wote. Nilijua hivyo kwa sababu alianza na ile ripoti ya saa 9. "Hizo dakika 40 mlizifikaje, mwanangu?" Nilimweleza kuhusu faharisi zilizokosekana kwenye jedwali kubwa na hesabu iliyokuwa ikirudiwa kwa kila mstari, akanikatiza mara mbili kwa maswali yaliyonifanya nikae vizuri kwenye kiti. Kisha akanieleza jina la mwajiri, kiwango cha mshahara, sababu ya mtu aliyetangulia kuondoka, ambayo haikuwa nzuri, na kwamba ameshapeleka majina mawili mengine ambayo anayaona yana nguvu sawa na langu. Kwa nafasi nyingine niliyomuuliza alinijibu palepale: "Hiyo usiombe, wameshampata mtu wa ndani, wanatimiza utaratibu tu." Hakubadilisha hata nukta kwenye wasifu wangu. Hakuwa mtakatifu, na aliniambia wazi kwamba anaharakisha kwa kuwa mwezi ulikuwa unaisha. Ila alijua anachokiuza, na kilikuwa kile nilichokuwa nacho.

Miaka 4 baadaye, mwaka 2022, nilikuwa nimekabidhiwa timu ndogo na nikahitaji mtu. Nilitamani kuandika hapa kwamba nililifanya jambo hilo kwa hekima ya mtu aliyeungua, lakini nilikuwa na haraka, nikalichukua tangazo la zamani la kampuni, nikabadilisha tarehe, nikaongeza mambo mawili, nikalituma kwa ofisi mbili za mawakala. Siku iliyofuata msichana wa ofisi mojawapo alinipigia. Alikuwa mgeni katika kazi, nilimsikia akigeuza karatasi. "Samahani kaka, kuna mahitaji 14 hapa. Kati ya haya, mtu akikosa lipi hutamchukua kabisa?" Nilifungua tangazo langu mwenyewe nikalisoma kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na miaka 5 ya chombo ambacho katika timu yetu hakuna aliyekitumia zaidi ya miaka miwili, mimi nikiwamo. Nilimtajia mahitaji 3. Kwa yale 11 mengine sikuwa na la kusema, nikamwomba ayafute.

Ofisi ya pili haikupiga simu. Ilituma wasifu wa watu 5 ndani ya saa 24, wote wakiwa na mahitaji yote 14, chini ya nembo ya ofisi hiyo, wote wakiwa na miaka 5 ya kile chombo. Wawili niliwaita. Wa kwanza alipoketi, kabla sijamuuliza lolote, nilimwomba anitumie kwa barua pepe wasifu wake mwenyewe, ule anaoutunza yeye. Aliniuliza kama kuna tatizo, nikamwambia hapana, atume tu. Uliingia tukiwa bado tunamiminiana maji. Niliuweka kwenye skrini kando ya ule mwingine. Wa wakala ulisema kwamba aliongoza timu ya watu 8. Wa kwake ulisema kwamba alifanya kazi katika timu ya watu 8, na mstari uliofuata, ambao kwenye ule wa wakala haukuwapo, ulieleza jinsi alivyotafuta kwa siku 3 sababu ya seva moja kusimama kila Alhamisi usiku hadi akaipata.

Niliigeuza skrini kuelekea kwake. Alisoma polepole, macho yakienda upande huu na upande huu, na niliona uso wake ukibadilika kwa namna niliyoitambua.

"Mimi sikuandika hivi," alisema.

"Najua," nikamwambia. "Niambie kuhusu Alhamisi."